Barua ya Edah

Hasira ya Edah ilianza na barua aliyoiandika mwenyewe.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameogesha, amelisha na kugeuza wazee katika kituo kimoja cha wazee pale Gaithersburg, Marekani. Wikendi, mhudumu mmoja aliachiwa wazee kumi na wanane. Mwezi wa tatu mzee Wayne alianguka chooni, akalala sakafuni dakika arobaini huku Edah akihangaika na mgonjwa mwingine chumba cha mwisho. Nyonga ilivunjika, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Wahudumu kumi na wanne wakasema imetosha: Jumamosi saa sita mchana watasimama nje na mabango, wadai angalau wawe wawili wawili.

Sasa Edah ni mtu aliyelelewa kwa barua. Kwao Kenya, hata kwa harambee ya kuezeka kanisa chifu alipelekewa barua, na watu hawakupumua mpaka muhuri upigwe. Basi akaketi, akaandika kwa Kiingereza safi kwamba wanaomba ruhusa ya kukusanyika kwa amani. Chini akaorodhesha majina yote kumi na manne. Akampelekea Lorraine, mkuu wa wauguzi, Mkenya mwenzake aliyejua fika adabu ile inatoka wapi.

"Asante sana kwa kutu-inform, dada," Lorraine alimwambia, tabasamu hadi masikioni.

Alhamisi tangazo likabandikwa: mkusanyiko haujaidhinishwa. Ratiba nayo ikageuzwa. Wenzake wote kumi na watatu walipangwa kazini Jumamosi. Edah peke yake akapewa mapumziko.

Kiprotich, mhudumu wa ghorofa ya pili, hakungoja jioni kumpigia simu. "Umetuuza, Edah. List nzima, na majina! Nani alikutuma?"

Edah alikata simu. Alikaa jikoni akilia kwa uchungu, na binti yake Mumbi, mzaliwa wa hapa hapa, akamtazama kama asiyemwelewa.

"Mum, the sidewalk is public, kando ya barabara ni pa kila mtu. Ulikuwa unamwomba nani?"

Swali hilo lilimkera kuliko matusi ya Kiprotich. Kisha likamjia jambo jingine, akasimama wima. Kumi na watatu! Mwaka mzima waliambiwa watu hawapatikani wikendi. Kumbe wanapatikana, mradi ni kuwazuia wasiseme. Mzee Wayne angekuwa hai.

Jumamosi saa sita alikuwa kando ya barabara, peke yake, na kipande cha boksi la glavu. Juu yake alikuwa amebandika nakala ya barua yake, maandishi yakitazama boksi, na nyuma ya karatasi hiyo ameandika kwa kalamu nene: wazee kumi na wanane, mhudumu mmoja.

Polisi alifika baada ya robo saa. Kuna aliyempigia simu. Edah akamnyooshea bahasha yenye pasipoti, cheti cha uraia na leseni ya kazi. Yule kijana hata hakuifungua.

"You're fine, ma'am, huna kosa. Usizibe tu njia ya magari," alisema kwa Kiingereza, akarudi garini.

Edah alidhani atafurahi. Badala yake alipandwa na ghadhabu mpaka masikio yakavuma. Ruhusa aliyoipigia magoti ilikuwa yake tangu mwanzo, naye akaichukua kwa mikono miwili akampelekea Lorraine.

Lorraine mwenyewe akatoka, viatu vikigonga lami. "Dada Edah, tafadhali. Nani amekupa ruhusa?"

"Leo sijaomba," Edah alisema. "Na wewe niambie: hao kumi na watatu uliowapata leo, wikendi ijayo utawaficha wapi?"

Nyuma ya Lorraine mlango ulikuwa umefunguka. Kiprotich alikuja na bakuli lake la wali, akampita mkuu wake bila kumtazama, akasimama kando ya Edah.

"Nina thirty minutes za lunch," alisema. "Nipe upande mmoja wa hilo boksi nishike."