Kutu Niliyoisugua

Juma lililopita nilikuwa Tunduma, nimekaa kwenye benchi la fundi cherehani nikisubiri apunguze urefu wa suruali ya mwanangu. Malori yalikuwa yamejipanga kuelekea mpakani, injini zimezimwa, madereva wamelala vivulini chini ya matela. Fundi alifunua mashine yake, akadondosha matone mawili ya mafuta, akazungusha gurudumu kwa kiganja. Harufu ya mafuta ya cherehani haina makali. Haikugongi puani kama petroli. Hunyemelea. Iliponifikia sikuwa Tunduma tena. Nilikuwa Mlowo, nina miaka tisa, nimesimama mbele ya sinia la bati lenye bastola iliyofunguliwa vipande.

Msishtuke. Bastola ile ilikuwa na karatasi zake, na baba yangu alikuwa na barua ya kituo cha polisi iliyomruhusu kuikagua. Baba alikuwa fundi wa mizani na cherehani. Msimu wa kahawa wanunuzi walimletea mizani zilizoanza kusema uongo, naye akazirudisha kwenye ukweli. Bastola ilikuwa ya babu, baba mzaa mama, ambaye bibi alipofariki tulimchukua kutoka Nanyala aje kuishi nasi. Babu aliachiwa bastola hiyo na mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, na kwa miaka mingi aliivaa kiunoni akilinda ghala la mazao. Sasa ghala lilikuwa limefungwa, babu amezeeka, na daktari wa mifugo mstaafu wa Mbeya, mkusanyaji wa vitu vya kale mwenye kibali chake, alitaka kuiweka kabatini. Sharti lake lilikuwa moja: kwanza aandikiwe kasoro zake zote, pasipo kuficha.

Kuandika kasoro ndiko kulikokuwa kazi ya baba hasa. Kabla ya bisibisi, daftari. Kabla ya kitambaa, daftari. Alikuwa na msemo aliomwambia kila aliyekaribia meza yake: "Usikisafishe kitu kabla hujakisoma." Vumbi lilimwonyesha chombo kilikaa wapi, grisi ilimwonyesha fundi aliyetangulia alikuwa mvivu kiasi gani. Nilimsikia akisema hivyo labda mara mia, na kama mtakavyoona, sikuwa nimemsikia hata mara moja.

Alikagua kwa siku mbili. Mimi nilishika daftari na kuandika alivyonitajia. Mpini wa mbao una ufa upande wa kushoto. Mtutu una vishimo vya kutu karibu na mdomo. Lile gurudumu la matundu sita linacheza, halikai sawasawa. Springi moja si yake, imetoka kwenye mashine nyingine. Kisha akakitoa kinyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi, akakiweka chini ya lenzi na kukigeuza upande hadi upande.

"Andika," akasema. "Ncha ya kinyundo imekatwa kwa tupa. Ndani ya mkato kuna kutu, nyekundu, nzito."

Niliandika bila kuelewa. Mama ndiye aliyeelewa, alipokuja na chai akasomewa mstari ule. Aliweka kikombe chini. Bastola isiyo na ncha ile haiwezi kulia. Hata ukivuta siku nzima, haitalia.

Hapo sina budi kuwaambia habari ya Amoni. Usiku mmoja wa msimu, kabla sijazaliwa, wezi walivamia ghala. Mlio mmoja wa risasi ulisikika, na kulipokucha Amoni, kijana wa jirani kule Nanyala, alikutwa amejeruhiwa paja. Alikuwa akitoka kwa shangazi yake. Babu alisema hakufyatua, kwamba wezi nao walikuwa na silaha. Lakini bastola iliyojulikana mtaani kote ilikuwa moja tu. Polisi walichunguza, hawakumshtaki mtu, shauri likafa. Maneno hayakufa. Amoni akabaki anachechemea, na nyumba mbili zilizopakana shamba kwa shamba zikaacha kuzikana. Kwetu hilo ni zaidi ya ugomvi. Bibi alipofariki, Mama Amoni hakuleta unga, hakuleta kuni, wala mtu wa nyumba ile hakushika jembe. Na babu, aliyetaka azikwe Nanyala kando ya mkewe, alikuwa ameanza kuuliza kila anapokohoa: "Na mimi atanichimbia nani?"

Baba alitaka kumuuliza babu kuhusu mkato. Hakuweza. Mkwe hamhoji mkwe jambo la aibu, wala hamkazii macho. Lakini mjukuu ana ruhusa ya utani, na babu hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita "mke wangu" tangu nanyonya. Kwa hiyo nilitumwa mimi, na baba akajifanya anatafuta kitu karibu na dirisha.

Babu alikuwa anaota jua, miguu juu ya gunia. Nilimuuliza nani aliikata bastola yake.

"Mimi, mke wangu. Mwezi wa kwanza wa kazi."

"Kwa nini?"

"Niliajiriwa nilinde magunia. Sikuajiriwa nizike watoto wa wenzangu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema walipomsingizia. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Alisema angesema, kesho yake Nanyala nzima ingejua ghala linalindwa na bastola bubu, na wezi wangekuja na nyimbo. Kazi ingekwisha, na mama yangu alikuwa bado shuleni. Halafu, alivyoendelea kukaa kimya, kimya chenyewe kikazoeleka. "Ukichelewa kusema ukweli," akaniambia, "ukifika unafanana na uongo."

Siku ile ile baba aliamua. Alituma ujumbe Nanyala kwa Mama Amoni, waje Jumamosi, waone kwa macho yao. Alikuwa mtulivu kama mtu aliyepata jiwe la mizani lililopotea. Alimwambia mama kwamba shahidi wake si mkato, maana mkato mtu anaweza kuukata leo. Shahidi ni kutu iliyomo ndani yake. Mimi nilikuwa nimeshalala, au walidhani nimelala. Nilisikia neno shahidi, nikadhani ni mtu atakayekuja na wageni.

Jumamosi asubuhi nyumba ilikuwa mbioni. Mama alichinja jogoo. Baba alikwenda kituo cha mabasi kuwapokea. Kazi yangu ilikuwa vyombo, na kama hamkukulia kwetu, niwaeleze: msichana wa Mbozi alipimwa kwa sufuria. Mgeni alipoingia hakutazama viti, alitazama kichanja cha vyombo nje. Sufuria ikiwa na masizi, aliyeonekana mchafu alikuwa mama yako. Nilisugua kwa majivu, mchanga mwororo na gunzi la mahindi mpaka nikajiona usoni mwa kila mfuniko. Nikasimama, nikazitazama, nikafurahi. Kisha nikakumbuka kwamba kitu ambacho wageni walikuwa wanakuja kukitazama hasa kilikuwa bado mezani kwa baba, kwenye sinia, kimeota kutu nyekundu kama debe lililotupwa jalalani.

Niliona aibu kwa niaba ya nyumba nzima. Nikachukua sinia. Nilianza na kile kinyundo kwa sababu kilikuwa kidogo. Kutu ndani ya mkato ilikuwa ngumu, nikaongeza limau, limau likaniuma kwenye kidonda cha kidole, nikavumilia. Nilitumia ncha ya kijiti kufikia pembeni. Kilipong'aa kama jino, nikakirudisha katikati ya sinia juu ya kitambaa cheupe cha mama, kile cha sikukuu.

Walikuja watatu: Mama Amoni, mwembamba, amejifunga kitenge cha bluu, Amoni mwenyewe na fimbo yake, na mjomba wake, mtu wa maneno, aliyekaa kabla hajakaribishwa. Babu alikuwa kwenye kiti chake pembeni. Hakuna aliyemsalimia kwa mkono. Baba alieleza taratibu, kisha akafunua kitambaa.

Nilikuwa mlangoni nikisubiri kusifiwa. Nilimwona baba akitazama sinia, na uso wake ukashuka polepole, kama mshale wa mizani inayoondolewa mzigo. Mjomba alikichukua kinyundo, akakigeuza kwenye mwanga.

"Fundi, tupa yako ina makali. Hii umeikata leo asubuhi."

Baba alifungua daftari, akamsomea mstari wa kutu. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Daftari lako," akasema, "kalamu yako, na mkwe ni wako."

Ndipo nilipoelewa nusu ya nilichofanya, na nusu hiyo ilitosha. Babu alikuwa amefumba macho. Nikaingia katikati yao, jambo ambalo mtoto hakuruhusiwa, nikasema nimesugua mimi. Mjomba akatabasamu kumwelekea dada yake. Alisema mtoto naye kafundishwa vizuri.

Mama Amoni alinigeukia. Aliniita kwa kidole, akaishika mikono yangu, akaigeuza. Kulikuwa na majivu kwenye kucha na kile kidonda kilikuwa kimevimba kwa limau. Akainusa.

"Umesugulia nini?"

"Majivu. Na mchanga, na limau."

"Nani alikutuma?"

Nikasema hakuna.

"Sasa ulikuwa unamsugulia nani?"

"Wewe, bibi. Nilisikia unakuja."

Alikaa na mikono yangu mapajani mwake kwa muda ambao nakumbuka ulikuwa mrefu kuliko ibada. Nje jogoo alikuwa anachemka, harufu ya kitunguu ikaingia. Kisha akamwambia mama yangu alete maji ya kunawa. Ndugu yake akaanza kusema jambo, akamkatiza kwa jicho. Alinawa, akamgeukia babu, mgeni akimkaribisha mwenyeji.

"Baba Tabu, sogea tule."

Tabu ni mama yangu. Hakuwa amemwita babu hivyo tangu kabla sijazaliwa. Babu alisogea. Walikula, na Amoni alimsogezea babu paja la kuku bila kumtazama.

Daktari wa Mbeya hakufurahi. Wapenda vitu vya kale hupenda uzee wake, nami nilikuwa nimeufuta. Alikubali hata hivyo, kwa sababu baba aliongeza kwenye orodha kasoro ya mwisho: kinyundo kimesuguliwa na mtoto kwa majivu, kabla ya mgeni kukisoma.

Babu alifariki baada ya mavuno yaliyofuata. Mama Amoni alifika Nanyala na kapu la unga kichwani kabla hata ya ndugu zetu wa Kamsamba, na Amoni alishuka kaburini na jembe, akachimba akiegemea mguu mzima.

Nilikua nikiamini kwamba siku ile niliharibu ushahidi na Mungu akatusaidia. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza baba: kama nisingesugua, mjomba angeamini? Alifikiri kama anavyofikiri juu ya mizani. Akasema kwa mvua za Mbozi, chuma kilichokatwa leo kinaweza kuwa chekundu mwezi ujao. "Kutu haina tarehe," akasema. Alikuwa analijua hilo tangu mwanzo. Yeye alimwamini mkwe wake, basi, akatafuta kitu cha kuweka kwenye sinia.

Mama Amoni nilimuuliza mwenyewe, kwenye msiba mwingine, tukiwa tumechuchumaa tunasugua masufuria ya watu wengi. Nilimuuliza ni nini kilichomfanya aamini. Alichota majivu, akamimina maji kidogo, hakuwa na haraka.

"Nani amekwambia niliamini?" akasema. "Nilikuwa nimechoka kuzika peke yangu. Nilikuja pale natafuta mahali pa kukanyaga, kaka yangu anapafunga, wewe ukaja na makucha yako machafu."

Akanisogezea sufuria nyingine, kubwa, ya ugali, iliyoungua chini.

"Hii," akasema, "sugua mpaka mwisho."