Kompyuta Kuukuu na Majina ya Watoto

Niliomba kazi ya kupiga chapa, nikapewa bisibisi. Asubuhi hiyo nilitoka nyumbani kwetu Buzebazeba nimevaa sketi ya kuazima kwa dada yangu, na cheti changu cha uchapaji nimekitia ndani ya bahasha ili kisipate jasho la mikono. Ofisi ilikuwa ya shirika la misaada, katika jengo la zamani linalotazama bandari ya Kigoma. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walikuwa wakiingia kutoka Burundi kwa miguu, na baadaye wakaja wa Kongo kwa mitumbwi, na mjini kila ofisi ilitafuta mtu anayeandika haraka.

Mkuu wa Kitengo cha Kumbukumbu alikuwa Mzee Mbwambo, Mpare aliyekuwa fundi wa simu miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu. Alikuwa mrefu, mkimya, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata siku za mvua. Nilimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye Zuhura?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Unajua kompyuta?"

"Sijawahi kuigusa."

"Vizuri. Basi huna cha kusahau." Akanisogezea bisibisi juu ya meza. "Fungua ile pale. Mtu asiyejua kilichomo ndani ataiogopa siku zote."

Tulikuwa na mashine mbili tu. Moja niliiita Bibi, kwa kuwa ilikuwa imetoka ofisi nyingine ikiwa tayari imechoka. Ya pili ilikuwa mpya kidogo, na ndiyo iliyofanya kazi zote nzito. Nilipofungua Bibi nilikuta vumbi jekundu la barabara ya Kasulu limeganda kama unga wa ngano uliomwagikiwa maji, na mjusi aliyekauka kando ya feni. Mzee Mbwambo hakucheka. Alinipa brashi ya rangi, mpya, akaniambia nisafishe taratibu, nikianzia juu kwenda chini.

Mafunzo yangu yalikuwa hivyo. Hakuwa na mhadhara. Alinionyesha kitu mara moja, akaniachia. Alinifundisha kwamba kabla hujanunua kipuri chochote cha mashine kuukuu, unauliza kwanza imetengenezwa enzi gani, maana kompyuta hukubali vya rika lake. Memori, yaani vile vijiti vidogo ambavyo mashine huweka juu yake kazi inayoifanya sasa hivi, kwa Bibi zilikaa nne nne. Ukiweka tatu haiwaki, na ukichanganya za kasi tofauti inawaka leo, kesho inagoma. Soketi yenye matundu ishirini na matano nyuma ya mashine ni ya printa, lakini yenye pini ishirini na tano si yake, hata kama zinafanana kwa umbo. Nimewaona wasomi wakiigonga plagi kwa kiatu wakidhani imekaza.

Kazi yetu kubwa ilikuwa orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Fomu zilijazwa kambini kwa mkono, zikaletwa kwetu, nasi tukaziingiza: jina, jina la baba, jina la mama, kilima walikotoka, maana Burundi kijiji huitwa kilima, na kambi mtoto alipo. Kisha orodha ilichapwa na kubandikwa kwenye mbao za matangazo katika kambi zote, ili mzazi aliye kambi hii amwone mtoto aliye kambi ile. Majina ya Kirundi yalisahihishwa na Mwalimu Leonidasi, mkimbizi aliyekuwa akifundisha shule kwao. Alikaa pembeni yangu na penseli. Nikikosea herufi moja alinigusa kiwiko.

"Hapana, dada. Hilo ni jina la mtu mwingine kabisa. Mama yake atalipita."

Nami Kiha changu kilinisaidia, kwa kuwa lugha zetu ni jirani, lakini sikuwahi kufikia umakini wake. Kwake herufi moja ilikuwa mtoto mmoja.

Orodha ilikua hadi mashine ikawa inachukua muda wa kunywa chai nzima kutafuta jina moja. Mzee Mbwambo akaagiza memori za kuiongezea nguvu. Zilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, zimefungwa kwenye soksi ndani ya kopo la maziwa. Ilikuwa Jumanne. Alhamisi asubuhi lori lilitakiwa kuondoka na orodha mpya kwenda kambini, na safari hiyo ilikuwa muhimu kuliko zilizotangulia, kwa sababu baadhi ya kambi zilikuwa karibu kupangwa upya na watu wengi wangehamishwa. Mzazi ambaye asingeliona jina wiki hiyo, haijulikani angeliona lini.

Mzee aliitwa kikaoni. Akaniambia, "Weka memori, safisha, funga. Nikirudi tuanze kuchapa."

Niliweka memori vizuri. Kwa kuwa nilitaka kusafisha hadi chini kabisa, nikachomoa pia waya za umeme zinazoingia kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu. Zilikuwa plagi mbili za kukaa sambamba, zinazofanana kama mapacha. Kuna kanuni ambayo kila fundi wa mashine zile aliijua: nyaya nyeusi za plagi hizo mbili zikutane katikati. Mzee aliwahi kunitajia. Nikazirudisha kinyume, nikawasha.

Hapakuwa na kishindo. Palitoka harufu tu, kama ya kibiriti na plastiki, na uzi mwembamba wa moshi ukapanda. Mwalimu Leonidasi aliinuka kutoka kwenye kiti chake. Akavuta waya ukutani.

"Majina?" akauliza.

"Yako kwenye diski," nikasema. "Diski ina waya wake. Huenda iko salama." Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Nakala tulikuwa nazo kwenye diski laini, zile bapa za kutia na kutoa, lakini unyevu wa ziwa ulikuwa umezipiga ukungu, na nusu yake hazikusomeka.

Mzee Mbwambo aliporudi alikuwa na Mratibu wa Mkoa, mkubwa wetu wa wote, mtu mkali asiyependa kurudia swali. Nilikuwa nimesimama kando ya mashine, bisibisi bado mkononi. Mratibu akanusa hewa.

"Nani ameunguza?"

Nikafungua mdomo. Mzee akawahi.

"Andika jina langu."

"Mbwambo, ulikuwa na mimi kikaoni."

"Nilimwachia kazi ambayo sikumwonyesha kikamilifu. Kosa la anayejifunza ni la anayemfunza. Andika jina langu, kisha tuache tufanye kazi, maana lori ni keshokutwa."

Mratibu alimtazama, akanitazama, akatoka. Nilianza kulia. Mzee akachukua kiti, akakaa, akavua saa yake ya mkononi akaiweka mezani.

"Zuhura, futa uso. Diski iko nzima au imekufa?"

"Sijui, mzee."

"Basi hatujui. Asiyejua hana haki ya kulia bado. Tuihamishie kwa Bibi."

Hapo ndipo nilipojifunza shida halisi ya kulinganisha vifaa. Mashine iliyoungua ilikuwa na uwezo wa kuitambua diski yenyewe. Bibi hakuwa nao. Bibi alitaka umwambie kwa tarakimu: diski hii ina silinda ngapi, vichwa vingapi, sekta ngapi, yaani jinsi ilivyogawanywa ndani. Ukimpa tarakimu za kubahatisha anaweza kuandika juu ya majina ya watu na kuyafuta moja kwa moja. Kwa kawaida tarakimu huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa diski. Juu ya karatasi yetu mtu alikuwa amegandisha stika ya mali ya ofisi. Nilipoibandua, ilitoka na wino wote.

Tukaishia hapo Jumanne. Jumatano asubuhi, nikiwa njiani kwenda kazini, nikakumbuka kwamba mashine yetu iliyoungua haikushushwa peke yake siku ilipofika. Pacha wake alikwenda ofisi ya mizigo ya bandari. Nilimwambia Mzee. Akasema, "Diski za mapacha mara nyingi huwa sawa. Nenda. Mimi nikienda watadai barua rasmi."

Ofisi ya mizigo ilikuwa chini ya mama mmoja wa Ujiji, Bi Mwajuma, karani mkuu, ambaye wachukuzi walimwogopa kuliko polisi. Nje meli ilikuwa inapakia. Yeye alikuwa anaingiza orodha ya mizigo, magunia na mapipa, miwani ikiwa imening'inia kifuani.

"Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Marahaba. Sema haraka."

Nikamweleza. Nilitaka azime mashine yake, aiwashe upya, aniache niingie kwenye ukurasa wa mipangilio nisome tarakimu tatu.

"Nizime? Meli iko pale inanuka moshi, unataka nizime?"

"Dakika tano tu, mama."

"Na isipowaka?"

Nikamwambia kweli: "Jana niliunguza ya kwetu. Ndani mna majina ya watoto."

Akahifadhi kazi yake, akanyoosha mkono akazima.

"Ninao wawili wa hivyo nyumbani," akasema. "Walifika na mtumbwi wa wavuvi wa Katonga. Mdogo hajui hata jina la baba yake. Soma. Kusoma ruhusa, kugusa diski yangu hapana."

Ilipowaka nilibonyeza kitufe, ukurasa wa buluu ukafunguka, tarakimu zikawa pale. Niliziandika kiganjani kwa kalamu, kisha nikaziandika tena kwenye mkono, kwa hofu ya jasho. Nikakimbia.

Mzee alizisoma kiganjani mwangu, moja moja, huku Mwalimu Leonidasi akizirudia kwa sauti. Bibi akatafakari. Taa ya diski ikawaka, ikazima, ikawaka. Halafu majina yakaanza kushuka kwenye kioo, jina baada ya jina, na Mwalimu akaweka penseli chini.

"Urakoze cane," akasema kwa Kirundi, yaani ahsante sana. Sikujua alimwambia nani kati yetu, au kama alimwambia Mungu.

Bado Bibi hakuwa na nguvu ya kuibeba orodha nzima. Nikazitoa memori mpya kwenye mashine iliyokufa, ambazo kwa bahati hazikuungua na zilikuwa za aina yake, nikamwekea yeye, nne nne, na safari hii Mzee alisimama akinitazama mikono. Printa nayo ilitoa alama zisizosomeka mpaka tulipogeuza swichi ndogo za nyuma ili iige printa ya aina ambayo programu yetu iliijua. Nawaambia vijana: printa nyingi za zamani zinajua kuiga. Kabla ya kuitupa, soma swichi zake.

Tulichapa Jumatano yote iliyobaki, kelele ya sindano za printa ikijaa chumba. Saa kumi na moja jioni tulikata karatasi ya mwisho. Alhamisi nilipanda lori pamoja na Mwalimu na orodha. Pale Kidahwe tulikwama kwenye tope, abiria wote tukashuka kusukuma, na Mwalimu Leonidasi akabaki ameziinua bahasha za orodha juu ya kichwa chake zisilowe.

Kambini niliona mwanamke mmoja akipitisha kidole kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Hakuwa anasoma vizuri. Alikuwa anatafuta umbo la jina. Kidole kikasimama. Alimwita Mwalimu kwa mkono, akamwomba amsomee, akamwomba tena, na mara ya tatu akakaa chini pale pale.

Baada ya hapo nilifanya kazi Kasulu, kisha Kibondo, chini ya Msimamizi wa Vifaa aliyeamini kila kitu kipya, na mwisho katika halmashauri, ambako nilikuwa fundi wa idara mpaka kustaafu. Mashine zilibadilika. Memori zikawa fupi, plagi zikawa ndogo, diski zikawa hazina kinachozunguka. Lakini maswali ninayowaachia vijana ni yale yale. Umeme wake unatosha kubeba kifaa unachoongeza? Mazabodi yake inakubali memori ya aina gani, na kwa kiasi gani mwisho? Programu zilizomo zitaijua printa mpya? Na nakala ya kazi iko wapi, umeijaribu kuisoma? Mtu akiniletea kompyuta kuukuu Buzebazeba, naanza na hayo kabla sijashika bisibisi.

Mwaka niliostaafu nilisafiri hadi Same kumwona Mzee Mbwambo. Macho yalikuwa yamefifia, lakini shati lilikuwa limepigwa pasi. Tulikunywa chai barazani. Nikamwambia jambo nililolibeba muda wote: kwamba siku aliyosema "andika jina langu" ndiyo iliyonifanya kuwa fundi, na kwamba kila niliyemfundisha nilijaribu kumtendea vile.

Akakunja uso, akitafuta.

"Nani aliunguza?"

"Mimi, mzee. Mazabodi. Niligeuza plagi."

"Hilo silikumbuki kabisa," akasema. Kisha akatabasamu. "Ninachokumbuka ni wewe unarudi kutoka bandarini. Nilikuwa dirishani. Ulikuwa unapanda kilima mbio, kandambili moja imekatika umeishika, na ule mkono mwingine umeuinua juu, kiganja wazi, kama mtu aliyebeba maji."

Mimi kandambili sikuikumbuka. Nilikaa nikitazama kiganja changu, naye akaniongezea chai.