Nilivyoigeuza ruzuku ya watoto walemavu kuwa zaka, na kituo cha wadi yetu kikafungwa

Wakuu, amani iwe juu yenu nyote, Waislamu, Wakristo na msiojitaja.

Wengi humu mkiandika ya Saudia mnawashtaki makafili, wale waajiri wanaowadhamini huko. Mimi nimekuja kumshtaki mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Nimefika umri ambao mtu hatafuti tena sifa wala kuhurumiwa. Nitaandika niliyoyafanya kwa ulimi wangu, bila kupunguza.

Majina nimeyabadilisha. Kaunti siitaji, ni ya pwani ya Kenya, basi.

Kwetu nilifundisha chuo, yaani madrasa, kwa miaka thelathini. Ndiyo maana hadi leo mkubwa na mdogo wananiita Maalim.

Miaka ile watu walipokuwa wakichukuliwa kwa wingi kwenda Saudia, nami nikapata kazi ya udereva wa nyumba huko Jiddah, mtaa wa Al-Safa. Umri ulikuwa umekwenda, lakini bosi alitaka mtu mzima anayejua Kiarabu. Kazi yenyewe ilikuwa kumpeleka binti yake mdogo, mwenye mtindio wa ubongo, kwenye kituo cha mazoezi kila asubuhi na kumrudisha adhuhuri.

Alhamdulillah, bosi alikuwa mtu mwema. Mshahara ulifika, ikama, yaani kibali cha kuishi, nilikaa nayo mwenyewe mfukoni. Sina lalamiko naye.

Katika ndege niliyopanda siku ya kwanza nilikaa kiti kimoja na mama kijana wa wadi yetu, Mgiriama, Mkristo. Nitamwita Dama. Yeye alikwenda Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, kumtunza bibi kizee asiyeweza kujigeuza kitandani.

Nyumbani Dama alimwacha mwanawe Kazungu, wa miaka saba, kwa bibi yake. Kazungu ana maradhi yaleyale ya binti wa bosi wangu.

Msimhukumu kwa kumwacha. Aliweza kuondoka kwa sababu wadi yetu ilikuwa na kituo.

Kilikuwa ndani ya ghala la zamani la korosho. Kaunti ilikipa fungu lake kila mwaka. Tuktuk iliwachukua watoto asubuhi. Mtaalamu wa viungo, fizio, alikuja siku tatu kwa wiki. Siku nyingine alikuwepo Bi Saumu, aliyepika, akaosha, akanyanyua, na kurudia mazoezi yote aliyoonyeshwa na fizio.

Kazungu alifika hapo hawezi kukaa. Tukiwa Saudia mwaka wa pili, Dama akanitumia video: mtoto amesimama, ameshika fremu, na Bi Saumu anampimia muda kwa kusoma Fatiha. Alisimama Fatiha mbili nzima. Niliitazama ile video kwenye gari hadi nikachelewa kumchukua binti wa bosi.

Fizio alikuwa amemwambia bibi yake jambo moja: mazoezi yakikatika, miguu itajikunja, na ikikomaa katika kujikunja haitafunguka tena.

Sasa nije kwenye kosa.

Kaunti ikaleta mageuzi. Ikasema zamani fedha zilifuata jengo, sasa zitamfuata mtu. Kila mwenye ulemavu atapimwa mahitaji yake, atatengewa fungu lake, naye atachagua wa kumhudumia. Ila kila wadi ipewe nafasi ya kutoa maoni: fedha zote ziende kwa watu mmojammoja, au sehemu ibaki kituoni?

Wazazi wakagawanyika. Wakasema, tumuulize Maalim.

Ijumaa moja, baada ya swala, nilikuwa Karantina, mtaa wa hukohuko Jiddah, kwenye chumba cha vijana wa kwetu. Tukala, wakanisomea ujumbe kutoka nyumbani. Wakaomba nirekodi sauti, ipigwe kwenye spika siku ya mkutano wa wadi.

Wakuu, mimi nimesoma fiqhi. Katika zaka tumefundishwa kwamba haki ya maskini apewe maskini mwenyewe, imilikiwe naye. Huichukui zaka ukajengea ukumbi. Bila kufikiri mara mbili, nikaichukua kanuni ile nikaivika ruzuku ya kaunti.

Nikasema kwa sauti yangu ya darsani: "Haki apewe mwenyewe, mkononi mwake, wala isichanganywe na ya mwenziwe. Anayetaka ibaki kwenye jengo, tumuulize anakula nini humo."

Vijana wakasema allahu akbar. Nami, Mungu anisamehe, nikajisikia raha.

Kabla ya siku ya mkutano Bi Saumu alinipigia.

"Maalim, hiyo pesa ikifika kwa bibi yake Kazungu, itamnyanyua?"

"Atamlipa mtu amnyanyue."

"Mtu gani? Mtaje jina."

Nikacheka. "Saumu, sema tu unaogopea sufuria yako."

 Akasema, "Haya, Maalim. Wewe ndiye uliyesoma."

Dama naye akapiga kutoka Riyadh, kwa haraka haraka. "Maalim, mama ananiuliza aweke kidole upande gani."

"Upande wa mwenye haki kupewa haki yake."

"Lakini mimi Mkristo, mambo ya zaka yananihusu?"

"Uadilifu hauna dini, mwanangu."

"Haya, nimekuamini. Madam ananiita, yalla." Akakata akicheka.

Wadi yetu ikachagua nilivyosema. Wadi jirani, ambayo haikuwa na maalim ughaibuni, ikaomba sehemu ibaki kituoni.

Mwanzoni nilipata pongezi. Mpimaji alikuja, binti mpole, akakaa kwenye mkeka na bibi yake Kazungu, akaandika kwamba mtoto anastahili fizio mara mbili kwa wiki, usafiri na nepi. Bibi aliiweka karatasi ile ndani ya Biblia.

Kisha tukajua yaliyobaki.

Fungu linalipwa kwa mtoa huduma aliyesajiliwa tu. Katika wadi yetu hayupo hata mmoja. Fizio alirudishwa hospitali kuu mjini, maana hakuna tena bajeti ya siku zake kwetu. Tuktuk ikaegeshwa, ikaoza matairi. Ghala likafungwa kufuli. Bi Saumu akaanza kukaanga viazi karai barabarani.

Wazazi wakaenda kwa mwakilishi wa wadi wakiomba waunganishe mafungu yao, wamwite fizio mmoja kwa wote. Mwakilishi akafungua kumbukumbu za mkutano akawasomea: wadi hii iliomba fedha zisichanganywe.

"Ni ninyi mlisema," akawaambia. Hakusema uongo.

Wakakimbilia wadi jirani. Kituo chao kipo, lakini kimejaa, na sheria yao ni watoto wao kwanza. Fungu la Kazungu likakaa kwenye karatasi hadi mwaka wa bajeti ukaisha, likarudi lilikotoka.

Haya yote mimi niliyapata vipandevipande, nikawa najiambia ni mitihani ya mwanzo, itanyooka.

Halafu bosi akawapeleka watu wake Riyadh harusini, nikaendesha mimi. Alasiri nikaomba ruhusa, nikaenda Al-Naseem. Dama hakuwa na ruhusa ya kutoka. Alitoka na mfuko wa taka, tukasimama langoni.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Wewe umenenepa, alhamdulillah." Akacheka kidogo, kisha akanipa simu. "Mtazame."

Kazungu alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka. Magoti yamefika kifuani. Nyuma ya kiuno palikuwa na kitambaa kimegandia kidonda.

"Mama hawezi kumgeuza," akasema. "Mgongo wake nao umekufa."

"Umemwomba kafili akuachie?"

"Kasema mafi, hakuna, mkataba huu wa pili uishe kwanza."

"Na madam?"

"Madam analia nikimweleza. Akimaliza kulia ananikumbusha mama yake hajageuzwa."



Akaninyooshea mikono. "Namgeuza bibi wa watu asubuhi, adhuhuri, jioni. Nampaka mafuta. Hana kidonda hata kimoja, Maalim. Mikono inajua kazi. Ila iko huku."

Nikatamka neno tunalolitamka sote tukikosa jingine. "Subira, mwanangu."

"Subira ninayo. Uliniambia haki ije mkononi. Imekuja. Wa kumlipa ndiye hayupo."

Akaitwa ndani. Mfuko wa taka akausahau, nikautupa mimi.

Wakuu, turudi Jiddah kidogo. Miaka yote ile nilikuwa nikimfikisha binti wa bosi mlangoni kisha nakaa kwenye maegesho na madereva wenzangu, tunakunywa chai. Wiki ile, tulipotoka Riyadh, niliomba kuingia.

Nikaona mtoto mmoja ameshikwa na watu watatu. Mmoja kiuno, mmoja magoti, mmoja yuko mbele anampigia makofi. Pembeni watoto wengine wanasubiri zamu, wanamtazama mwenzao na kumwiga. Vyombo vya mazoezi vimening'inia darini.

Nikamuuliza bosi kwenye gari, wewe una uwezo, kwa nini usiwaite hawa nyumbani?

Akanijibu, "Tulijaribu mwaka mzima. Halas, tukaacha. Jambo hili linataka mahali na watu, siyo nyumba ya mtu mmoja."

Tajiri wa Al-Safa alishindwa kujinunulia peke yake. Mimi nilimtuma bibi kizee wa kijijini akanunue.

Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu waziwazi. Kituo kile hakikuwa zaka. Kilikuwa wakfu. Wakfu haugawanywi, kwa sababu faida yake imo katika kubaki mzima. Kisima ukikigawa ndoo ndoo, kila mtu atakwenda kwake na ndoo, na kesho hakuna maji. Hili nilikuwa nawafundisha watoto wa miaka kumi na mbili.

Nilimpigia Bi Saumu kumwomba radhi.

"Nilikusamehe siku ileile," akasema huku mafuta yanachemka. "Nimezoea kutukanwa na wasomi. Muombe radhi aliyelala mkekani."

Nikarekodi ujumbe wa pili, nikasema wazi nilikosea, wadi iombe upya. Ukapigwa msikitini. Mnajua watu walisemaje? Walisema Maalim ni mnyenyekevu. Wakanisifu! Kaunti ikajibu kwamba utaratibu utatazamwa upya muhula wa serikali ya kaunti ukiisha.

Mkataba wa Dama ulipoisha akarudi. Miezi michache baadaye nami nikarudi. Bi Saumu alikuwa amempokea Dama kwa kumwonyesha namna ya kusafisha kidonda, na kidonda kikapona. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Nikawasindikiza Dama na Kazungu mjini kwa yule fizio wa zamani. Aliwakumbuka. Akamshika mtoto mguu taratibu, akaufungua, ukafika pembe fulani ukagoma, Kazungu akalia. Akajaribu wa pili.

"Mama," akasema, "tutampunguzia maumivu. Kusimama, hapana tena."

 Dama akamfunika mwanawe miguu kwa leso, akamnyanyua. Nje akaniambia, "Asante kwa kutusindikiza, Maalim."

Asante ile naisikia hadi leo.

Nimejifunza nini? Kwamba mtu anaweza kuwa na elimu ya kweli akaitia mahali pasipo pake, ikaua. Mageuzi yakija kwenye wadi yako na maneno mazuri, kabla ya kuweka kidole uliza: mtoto akishapewa fungu lake, ni nani, kwa jina, atakayekuja kumnyanyua Jumatatu? Na muulize anayemnyanyua sasa hivi, hata kama kazi yake nyingine ni sufuria. Msimuulize mzee aliye mbali, hata akiwa na sauti nzuri.

Sisemi kumpa mtu haki yake ni vibaya. Pengine mijini, kwenye mafizio wengi, imewafaa. Aliyefaidika aseme, nitafurahi kusikia.

Karibuni mchangie, hata kwa maneno makali, nayastahili. Kama kuna wadi iliyogawa kisha ikaweza kukirudisha kituo, niandikieni mlianzia wapi. Kwetu wapo wadogo ambao miguu yao bado haijakomaa, na kufuli la ghala bado lipo.

Kazungu sasa ana miaka kumi na mbili. Juzi Dama aliniuliza kama ipo dua ya kunyoosha mguu.

Nimefundisha dua miaka thelathini. Sikumjibu.