Ya Moto, na Usiifungue

Kwa mwaka na ushee neno bia halikutamkwa nyumbani kwa Dativa, pale Mlabani, Ifakara. Mgeni akiponyokwa nalo, Dativa alikohoa kwa nguvu, au akaita kuku ambao hakuwa nao, ilimradi mazungumzo yageuzwe. Mumewe, Valeriani, alikuwa ametoka hospitalini tumbo likiwa limetolewa maji, na daktari, binti mdogo asiyepepesa macho, alikuwa amemwambia mbele ya mkewe: "Mzee, ini lako limechoka. Ukinywa tena unakufa. Sikutishi, nakuambia ukweli."

"Nimesikia, mwanangu," alijibu Valeriani.

Na alisikia. Watu hupenda kusema mlevi hasikii, na wanaosema hivyo wengi wao hawajawahi kuacha hata sukari. Valeriani aliacha siku ileile. Akaanza ufundi wa baiskeli barazani kwake, mikono ikitetemeka wiki za mwanzo hadi spoku zikawa zinamponyoka, na kidogokidogo mikono ikatulia.

Tatizo ni kwamba mtu mwenyewe naye alitulia kupita kiasi. Maisha yake yote Valeriani alikuwa mtu wa kaunta, kwanza Mlimba karibu na stesheni, baadaye Ifakara mjini, na utani wake wote ulizaliwa kule, kati ya kreti na friji. Pombe ilipoondoka iliondoka na ulimi wake. Ukimuuliza habari anakujibu nzuri, basi, imeisha. Dativa aliuza vitumbua asubuhi, akarudi na ndoo tupu, akamkuta palepale ameinamia gurudumu. Alimshukuru Mungu kwamba mume yu hai, kisha akaingia jikoni akalia, maana alikuwa na upweke wa mjane na mume yuko barazani. Hilo hakumwambia mtu yeyote. Nani angemwelewa?

Hapo ndipo Asmahani alipopitia uani.

Asmahani alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mke wa Ahmad mwenye duka la vitenge, mtoto wa watu aliyelelewa kwa adabu na Kurani. Kazi yake nyingine ilikuwa kuandika hadithi za mapenzi na kuzirusha kwenye kundi la simu, ambako wanawake chungu nzima walizisubiri kila jioni kama wali wa futari. Katika hadithi aliyokuwa nayo, msichana Jenista alikuwa anakutana kwa mara ya kwanza na Seni, mnunuzi wa mpunga, na mwandishi alikuwa ameamua wakutane baa. Sasa baa Asmahani aliijua kwa tamthilia za televisheni tu. Akawapa wapenzi wake mvinyo kwenye glasi ndefu, wenye barafu, mirija na kipande cha limau pembeni. Wasomaji walimcheka mpaka akazima simu. Mmoja aliuliza hiyo baa iko Ifakara hii ya matope au kuna nyingine.

"Shikamoo, Mama Deus," alisema, mtandio ameukaza kidevuni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nina swali la aibu. Mtu na mtu wakianza kutamaniana baa, huwa wanakunywa nini?"

Dativa alikohoa. Kabla hajaanza kuwaita kuku, sauti ikatoka barazani.

"Inategemea nani anamtaka mwenzake zaidi."

Wanawake wote wawili waligeuka. Valeriani alikuwa ameweka bisibisi chini. Macho yake, ambayo Dativa alikwisha yazoea yakiwa yamefifia, yalikuwa na ule uchangamfu wa zamani.

"Huyo Seni wako ni mtu wa namna gani?" aliuliza.

"Mpole, Baba Deus. Ana hela, lakini mpole."

"Basi ya baridi, na anywe kwa glasi. Tena ajimiminie mwenyewe, taratibu, glasi ameiinamisha. Akipiga tarumbeta kwa mdomo wa chupa, dada atajua ni mtu wa haraka. Na dada mpe ya moto."

"Ya moto?" Asmahani alishangaa. "Inachemshwa?"

Valeriani alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Dativa, aliyekuwa na mwiko mkononi, akacheka naye bila kujua anacheka nini. Kicheko kile hakuwa amekisikia tangu hospitali.

"Ya moto ni ile isiyoingia kwenye friji, mwanangu. Mhudumu yeyote lazima akuulize, ya moto au ya baridi. Ya baridi unaikimbiza kabla joto la Ifakara halijaiharibu. Ya moto inakusubiri. Msichana anayeagiza ya moto hana haraka na mtu."

Heri angemfukuza yule mgeni. Dativa alijiambia hivyo baadaye, mara nyingi, hadi maneno yakaota kutu. Angemwambia Asmahani kwa heshima kwamba katika nyumba ile mambo hayo hayazungumzwi, na Asmahani, mtoto mwenye adabu, angeomba radhi na kuondoka. Badala yake alivuta kigoda, akamkaribisha mgeni akae.

Siku zilizofuata Asmahani alifika kila alasiri. Valeriani akamfundisha mambo yote. Kwamba mwanamume mstaarabu haendi kuvamia meza ya dada, huo ni ushamba. Anamwita mhudumu, anamwambia, yule dada mpelekee anachokunywa. Mhudumu anafika, anamwonyesha chupa. Dada akiruhusu ifunguliwe, amepokea salamu. Akisema iwekwe kaunta, kijana anywe ya kwake aende akalale.

"Na Jenista atasemaje?" aliuliza Asmahani.

Valeriani alitazama upande wa jikoni kabla ya kujibu. "Jenista atasema, 'Ya moto, na usiifungue.' Ataiweka mbele yake, kizibo juu. Hajakataa, hajakubali. Huyo Seni hatabanduka hapo."

Mwiko ulisimama kwenye sufuria. Maneno yale yalikuwa ya Dativa mwenyewe. Aliyasema Mlimba, akiwa msichana, treni imechelewa na yeye na shangazi yake wameingia baa kukwepa mvua, magunia ya mchele yakiwa stesheni. Karani mmoja alimtumia bia. Aliyeileta mezani alikuwa kijana wa kaunta mwenye shati jeupe, na Dativa, ambaye hakuwa mnywaji wala hakutaka kumtukana mtu, alimwambia: ya moto, na usiifungue. Treni ilipopiga honi alisimama, akapita kaunta, akamkabidhi yule kijana chupa nzima. "Hii yako. Kanywe kwa ajili yangu." Valeriani aliinywa usiku uleule, na kwa miaka mingi alikuwa akiapa kwamba hajawahi kuonja bia tamu kama ile.

Kumbe alikuwa bado anakumbuka. Dativa alisonga ugali huku machozi yanamtoka, machozi mazuri safari hii. Mwanamke akipewa tena ujana wake na mume aliyedhani amempoteza, nani atamlaumu akisahau kuuliza bei?

Siku moja Asmahani alileta soda kutoka dukani ili aone hasa mambo yanavyokaa mezani. Ya machungwa ikawa bia ya Jenista, ya tangawizi ikawa ya Seni. Valeriani akamwita mkewe akae upande wa pili wa stuli, eti Jenista ni yeye. Dativa aliona haya, akafuta mikono kwenye khanga, akakaa.

"Samahani, dada," alisema Valeriani kwa sauti ya kaunta. "Kuna mtu kule anauliza unatumia nini."

"Mwambie sitaki usumbufu," alijibu Dativa, na Asmahani akapiga makofi.

Valeriani alifungua ile ya tangawizi kwa kizibo cha ile chupa nyingine, kama alivyozoea kaunta. Soda ikatoa pumzi. Aliinamisha glasi, akamimina taratibu, akasubiri povu litulie, akapiga funda moja. Kisha uso wake ukabadilika.

"Haina uchungu," alisema polepole, akaiweka chini.

Asmahani hakuona kitu, alikuwa anaandika. Dativa aliona. Ulimi ulitaka kusema yaishie hapa leo, na kwa hofu ya kukirudisha kile kimya cha mwaka mzima, akanyamaza. Mazoea yana tabu, wahenga walisema, na ya mumewe alikuwa ameyakaribisha yeye mwenyewe, kwa kigoda alichomvutia Asmahani.

Juma lililofuata Asmahani alikuwa anataka kuandika mara ya pili Jenista na Seni wanapokutana. Aliuliza chupa mbili zikikaa meza moja, ya baridi na ya moto, zinaonekanaje. Ya baridi inatoka jasho? Nembo inalowa? Valeriani alijaribu kueleza, akakwama.

"Nimeanza kusahau," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Ngoja, nitakuangalizia."

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, alimwambia Dativa anampelekea Makoye, mteja wake, baiskeli, imekwisha pona. Alivaa shati jeupe. Dativa aliliona lile shati, akauliza kwa nini. "Jua kali," alisema Valeriani, akaondoka.

Jua lilikuwa limeanza kuinamia mashamba Makoye alipobisha hodi.

"Shikamoo, mama. Nimefuata baiskeli yangu. Nimeiona imeegeshwa pale baa, njia ya Kibaoni, nikasema labda mzee ananiletea, lakini..." Hakumaliza. Dativa alikuwa amekwisha vaa ndala.

Mhudumu wa baa, msichana aliyebeba trei kwapani, alimpokea kwa tabasamu. "Mzee yule anasubiri wageni wake, mama. Amesema wako wawili."

Valeriani alikuwa amekaa pembeni, meza ya watu wawili. Upande wake palikuwa na glasi, na chupa tupu zimepangwa kwa unadhifu, nembo zote zikitazama upande mmoja, kama kaunta yake ya zamani. Upande wa pili, mbele ya kiti kisicho na mtu, ilisimama chupa moja ya moto, kizibo chake juu.

"Nilikuja kuangalia tu," alisema alipomwona. Ulimi ulikuwa mzito. "Niliagiza za kwao. Ya Seni ikatoka jasho, Dativa, ikaanza kuharibika. Nikasema itaharibika bure. Ikaja nyingine, nayo hivyohivyo." Alinyoosha kidole kwenye kile kiti kitupu. "Ya kwako sijaigusa. Si ulisema nisiifungue?"

Dativa hakupiga kelele. Alikuwa na hasira ya kuweza kuipindua ile meza na baa nzima, na chini ya hasira palikuwa na hofu, na chini kabisa, Mungu amsamehe, palikuwa na kile kitu cha Mlimba, kwamba mwanamume huyu katika ulevi wake alimwekea kiti. Alimshika mkono, akamwinua, akampitisha katikati ya meza mpaka nje. Ile chupa waliiacha ilipo. Makoye, aliyekuwa amemfuata nyuma, alikokota baiskeli yake.

Kabla hakujapambazuka Valeriani alitapika damu. Bajaji iliwafikisha hospitalini, na daktari alikuwa yuleyule binti. Hakumkaripia. Alimtazama Dativa na safari hii akapepesa macho. Valeriani hakuliona jua la siku ile likifika utosini.

Msibani watu walisema wasemayo. Sikio la kufa halisikii dawa, walisema, mmoja baada ya mwingine, wakitikisa vichwa juu ya sahani za wali. Dativa alikaa kwenye mkeka akawasikiliza na kutamani kuwatimua wote. Lilisikia, sikio lile. Mwaka mzima na zaidi lilisikia, lilikaa kimya barazani likisikia, na hakuna aliyekuja kulipongeza.

Baada ya mazishi, mwanawe Deus na jamaa walipokuwa wanakunja turubai, Asmahani alikuja akapiga magoti mbele ya mkeka. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba.

"Mama Deus, nisamehe. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Nitaifuta hadithi yote, leo hii."

Dativa alimtazama. Alitaka kumchukia, akatafuta chuki ndani yake akakuta imekwisha jigawa: nusu ni ya Asmahani, nusu nyingine ni yake, ya yule mwanamke wa kigoda.

"Usifute," alisema. "Jenista yuko wapi sasa?"

Asmahani alishangaa. "Treni imepiga honi. Amesimama, chupa iko mkononi, anamnyooshea Seni. Baba Deus aliniambia ndivyo ilivyokuwa. Anampa, anamwambia akanywe kwa ajili yake. Wasomaji wanasubiri hapo."

"Asimpe."

"Mama?"

"Asimpe, mwanangu. Airudishe mezani, na kizibo chake." Dativa alimshika mkono, akamwinua. "Mkono ule uliobeba chupa, amshike nao kijana, amtoe nje. Mvua iwanyeshee, treni iwaache, siyo neno."

"Watasema haina utamu," alinong'ona Asmahani.

"Waache waseme. Wewe andika. Amtoe pale leo, wakiwa bado vijana."