Nilivyojifanya setla Mbwemkuru, mwenye pori akanipigia hodi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Haya yamenikuta mwenyewe, na baadhi ya waliokuwepo wamo humu wanasoma. Nikiongeza chumvi wataniumbua.

Nimekulia Nachingwea mjini. Miaka ya tisini, nikiwa sekondari, nilikuwa mlevi wa riwaya za masetla. Mnazijua: steringi ana kofia pana na farasi, anafika nchi ya mbali, anachomeka kigingi, anasema "hapa pangu". Wenyeji wanatokea ukurasa wa hamsini kurusha mishale tu.

Mimi siku zote nilikuwa upande wa mwenye kofia.

Jirani na kwetu ndiko Waingereza walikofyeka mapori kwa matrekta walime karanga, karanga zikawagomea. Wakuu, nilikuwa nawaonea huruma Waingereza! Sasa pimeni kichwa kilivyokuwa kimeharibika.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ufuta ukawa dili. Nikasema zamu yangu imefika. Jembe, panga na unga juu ya baiskeli, jina lake Radi, kofia ya marehemu babu kichwani, huyoo, Ruangwa, upande wa mto Mbwemkuru.

Nikamuuliza muuza kahawa mmoja, akasema kule ni pori tu. Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yangu ya ardhi.

Nikapata mahali pazuri, kimya. Nikachomeka kigingi, nikafyeka, nikajenga kibanda nikakiita Ngome. Mbele nikaweka ubao: MILKI YA KAPTENI. USIINGIE.

Chekeni tu, nimeshazoea.

Kwenye majani nilikuta jiwe kubwa, limelika katikati kama sahani. Nikaliweka mlangoni, nikawa nalikalia nikivua viatu.

Ufuta ukakubali balaa. Wakulima mnajua, ukianza kuwa wa njano hausubiri mtu. Usipoukata na kuusimamisha ukauke, maganda yanapasuka, mbegu zote chini. Akiba yangu yote ilikuwa mle, na nyumbani nilishaaga kwa majigambo.

Asubuhi ya kukata nikasikia, "Hodi!"

Alikuwa mama mtu mzima, Bi Somoe, na wanawe wawili. Nikawakaribisha kikapteni. Yeye hakukaa, macho yote kwenye jiwe.

"Hili umelitoa wapi, mwanangu?"

"Nimelikuta tu, bibi."

"Mama yangu kalisagia mtama mpaka likaingia shimo. Wewe unalikalia!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ubishi ni ugonjwa, nikasema, "Bibi, hapa palikuwa pori tupu."

Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mzungu wa karanga naye alikuja kwetu Nachingwea, akasema tupu. Tukahama na vyungu kichwani, tukaja hapa. Enzi za Ujamaa Serikali ikatutoa hapa ikatupeleka kijijini, shamba tukaliacha lipumzike. Wewe ni wa tatu. Tena hata trekta huna!"

Kesi ikafika kwa mwenyekiti wa kijiji. Akaamuru hakuna kukata mpaka wazee wakae. Siku tatu nzima nauangalia ufuta unapasuka, mbegu zinamwagika. Nililia, sifichi.

Siku ya kikao Bi Somoe akaniuliza kabila. Nikasema Mmakonde.

Akapiga kigelegele. "Kumbe mtani! Ndiyo maana mwizi!"

Watu wote wakaangua kicheko, mimi jasho linanitoka. Watu wa kusini mnaelewa, sisi na Wamwera ni watani, na Mmwera kama yeye akikukamata kwa utani hakupeleki polisi, anakukomoa mwenyewe.

Hukumu yake: ufuta nikate, lakini jiwe nilirudishe kwake kijijini kwa kichwa, kofia yangu ndiyo iwe ngata. Na kila nyumba nitakayopita, nipige hodi na kuusoma ule ubao kwa sauti.

Wakuu, kijiji kile kina nyumba! Shingo iliniuma wiki nzima, na watoto nyuma yangu wanaitikia, "Kapteeeni!"

Ufuta uliobaki ulinitosha kurudi nyumbani bila aibu. Tangu hapo, kila msimu nilikuwa naenda kwa Bi Somoe na kuku, napiga hodi, namuuliza mwaka huu nilime wapi. Naye jibu lake lilikuwa moja: "Ngoja kwanza nikuangalizie kama ni patupu."

Miaka ikapita, nikaletewa habari kuwa amefariki. Nikapanda Radi toka Nachingwea, nikafika kaburi limeshachimbwa, yeye bado hajaletwa.

Mtani ana kazi yake msibani, kuwachekesha wafiwa. Nikavaa kofia, nikaingia kaburini, nikachomeka kigingi.

"Hapa pori tupu! Nimepawahi mimi, ni pangu!"

Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Issa, mwanawe mkubwa, akainama ukingoni akanipa mkono.

"Toka, Kapteni. Mwenyewe anakuja."

Nikatoka. Kofia nikaivua, na sikuivaa tena. Zamu yangu ya kutupia udongo ilipofika, nikasema hodi kimoyomoyo, nikalia kama mtoto.

Nilichojifunza: ukiona pori tupu, ujue yupo mtu hujamuuliza. Riwaya bado nasoma, ila siku hizi naanzia kwa wale wa ukurasa wa hamsini.

Haya, nani mwingine humu amewahi kujimilikisha shamba la mtani wake? Wamwera, najua mmekaa mkao wa kunisema. Karibuni, mimi leo mlango uko wazi.