Ukucha wa Dhondiram

Ukiegesha pikipiki yako Kolhapur, kwenye mtaa wa maduka ya vipuri, ukarudi ukamkuta mtu mnene mwenye masharubu amechuchumaa nyuma yake, anabonyeza tairi kwa ukucha wa dole gumba, usipige ukelele wa mwizi. Huyo ni Dhondiram Chougule, karani wa ofisi ya maji, na haibi kitu. Atainuka kwa kujikongoja, maana kifundo cha mguu wake wa kulia hakikunjiki sawasawa, kisha atakuuliza: "Hili la nyuma ulilinunua wapi?" Mjibu kwa adabu. Wapo waliomtukana, wapo wanaomwita chizi. Hao hawajui kilichopotea nyuma ya mlango wa duka la Appalal. Sisi wa mtaa ule tunajua kila kitu, hasa yasiyotuhusu.

Dhondiram alinunua pikipiki ya mbio akiwa na miaka arobaini na mitatu, umri ambao wenzake wananunua dawa ya magoti. Nyekundu, ya kuinamia mbele kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mkewe Malan alipoiona mara ya kwanza aliizunguka mara mbili, akasema, "Baba Ketaki, mimi nitakaa wapi hapa?" Dhondiram akajibu kwamba hiyo si pikipiki ya kukalisha watu. Malan akasema, "Hilo nimeliona."

Kila Jumapili alfajiri, Dhondiram na wenzake wanane walitoka mjini kwenda mlima wa Amboli. Juu kuna kibanda cha chai. Wanakunywa, wanakula dengu za pilipili zinazotoa machozi, halafu wanashuka kona kumi na moja mpaka chini, na kurudi. Ile ya saba imejikunja kama mkia wa nge, na ukuta wake wa mawe una pengo ambalo halizibwi likadumu.

Pale juu wanapanga pikipiki mstari mmoja, na Sangram, kijana wa watu wa mashamba ya miwa, anapita nyuma yake kama jemadari anayekagua gwaride. Anakagua matairi. Mtu anayelaza pikipiki vizuri kwenye kona, tairi lake linalika mpaka ukingoni. La mwoga linalika katikati tu, na kingo mbili zinabaki mpya, nyororo, na vile vinywele vya kiwandani bado vimesimama. Hizo kingo wao wanaziita pindo la sari.

"Kaka Dhondiram!" Sangram alikuwa akiita, sauti mpaka jikoni. "Pindo lako la leo ni la hariri au la pamba?"

"La hariri," mwingine anadakia. "Hebu tazama linavyong'aa."

"Umeliazima kwa shemeji Malan, au yeye ndiye aliyeliazima kwako?"

Wanacheka. Dhondiram naye anacheka, masharubu yakitetemeka, na ile chai inakuwa maji machungu mdomoni. Pindo lake lilikuwa na upana wa vidole viwili. Alishajaribu kulipunguza. Kila akifika kona ya saba mwili wenyewe ulikataa, kama punda mbele ya daraja.

Mvua za mwaka ule zilipokwisha, tairi lake la nyuma lilikuwa kipara katikati na bikira ukingoni. Ikabidi libadilishwe. Akaenda kwa Appalal Mujawar, fundi matairi aliyefunga na kufungua ringi kabla Sangram hajaota meno. Appalal akashusha tairi moja jeusi lisilo na mbwembwe.

"Chukua hili. La mbio, lakini mbio za barabarani. Upana uleule wa kiwandani. Asubuhi yenye ukungu linakushika, jua kali linakushika."

"Huna lililo pana zaidi, mzee?"

"Pana la nini? Ringi yako ni nyembamba. Ukivalisha pana linabanwa, linavimba katikati kama andazi, ukilaza huna pa kusimamia. Unataka tairi au unataka kitambi? Kitambi unacho."

Dhondiram akasema atarudi. Kumbe miguu ilishaanza kwenda upande wa stendi ya mabasi, kwenye yale mabanda ya vipuri vilivyotumika.

Huko ndiko alikoliona. Lilikuwa limening'inizwa juu ya msumari, peke yake, pana, aina ile inayovaliwa na pikipiki za uwanja wa mashindano. Bei yake haikufika nusu ya lile la Appalal. Lakini si bei iliyomsimamisha. Kingo! Zilikuwa zimelika mpaka mwisho kabisa, pande zote mbili, hakuna hata uzi wa pindo. Aliyelipanda tairi lile alikuwa dume. Dhondiram hakuona tairi pale, aliona Jumapili. Alimwona Sangram anainama, anatafuta neno, halipati.

"La nani hili?" aliuliza.

Mwenye banda alikuwa anakwangua tambuu kwenye meno. "Lako, ukilipa."

Akalibeba begani mpaka kwa Appalal.  Mzee alilipokea, akalikalisha gotini kama mkunga anavyokalisha mtoto, akabonyeza mpira kwa ukucha wa dole gumba. Akabonyeza mahali pengine. Akabonyeza pa tatu.

"Ukucha hauingii," alisema. "Tairi zima likibonyezwa huacha alama, kama embe. Hili si mpira tena, hili ni kwato."

"Ni kwa sababu ya kukaa, mzee. Likipata moto litalainika."

"Lilishapata moto mpaka likachoka." Akaligeuza ubavuni, akatafuta zile tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka tairi lilipotoka kiwandani. Palikuwa pamekwanguliwa. "Mtu anayefuta mwaka wake wa kuzaliwa anaficha nini?"

"Labda anatafuta mchumba," Dhondiram akasema.

Appalal hakucheka, na huyu ni mzee aliyecheka siku paa la duka lake liliporuka. Alipitisha kiganja polepole kwenye ukingo uliolika, kwenda na kurudi, akakiacha pale.

"Umelitoa wapi?"

"Stendi."

"Lirudishe."

"Mzee, wewe livalishe tu. Anayelipanda ni mimi."

"Ndiyo maana silivalishi. Mkono huu haujawahi kumfunga sanda mtu aliye hai."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alasiri hiyohiyo Dhondiram alikwenda kwa fundi pancha wa barabara kuu, ambaye angevalisha hata chapati kwenye ringi ukimlipa. Tairi lilikataa kukaa. Walilipaka sabuni, wakalipiga nyundo, likaingia kwa mlio kama wa mfupa unaovunjika.

Nyumbani Malan alimngojea na ndimu. Kwao kitu kipya cha magurudumu hakitoki mlangoni bila kupasua ndimu, ili husuda ipasuke nayo. Akaiweka mbele ya tairi, akarudi nyuma, akafunga mikono kifuani. Dhondiram akasukuma. Tairi likapanda juu ya ndimu, na ndimu ikachomoka ubavuni, ikabingirika nzima mpaka mfereji wa maji machafu.

"Rudia," Malan alisema.

"Limepita juu yake. Inatosha."

"Haikupasuka, Baba Ketaki. Rudia."

"Nikirudia, majirani watasema naogopa tairi."

Malan aliitazama ile ndimu inavyoelea. Hakutoa neno lingine, na mwanamke yule akinyamaza hata kunguru huondoka uani.

Jumapili ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu alimjua mwenzake kwa kikohozi. Kule juu walikunywa chai muda mrefu wakingoja upungue, na matairi yakapoa. Sangram alipita kwenye mstari wake. Akafika kwa Dhondiram, akainama. Akapitisha kidole ukingoni.

"Kaka Dhondiram," alisema mwishowe, na sauti haikuwa na mzaha. "Pindo limekwenda wapi?"

"Nimelivua."

"Lini?"

"Wewe ulikuwa umelala."

Wakapiga makofi. Mmoja akamnunulia chai ya pili. Katika miaka yote ya maisha yake, kuanzia shuleni alikokaa nyuma mpaka ofisini anakokaa pembeni, hakuna siku watu walimsogelea namna ile. Na hapo ndipo mtego ulipofunga. Mtu aliyevua pindo hawezi kushuka mlima kama bibi anayekwenda hekaluni. Wakamwambia, "Leo wewe tangulia."

Akatangulia. Kona ya kwanza alilaza kidogo. Ya pili akazidisha. Tairi lilikuwa linaongea chini yake, mtetemo mwembamba uliopanda mpaka kwenye meno, na kila akiinuka kutoka kona nyuma palicheza kidogo, kama mtu anayevutwa shati. Wenzake walikuwa nyuma yake. Taa zao zilimchoma mgongo. Ya tano. Ya sita. Alipoiona ya saba mwili ulikataa kama ulivyozoea. Safari hii aliulazimisha.

Haikuteleza kwa fujo. Nyuma iliondoka kimyakimya, kama kiti kinavyovutwa mtu anapotaka kukaa. Barabara ikaja ubavuni, pikipiki ikatangulia na yeye akafuata, mguu ukiwa umenaswa chini, mawe yakimparuza, mpaka vyote viwili vikagota ukutani. Alipofungua macho, helmeti yake ilikuwa upande huu wa pengo, na mkono wake wa kushoto ulikuwa upande ule, unaning'inia kwenye ukungu. Aliurudisha polepole. Kwa muda mrefu hakuna kilichosikika ila maporomoko ya maji mahali fulani chini, mbali sana.

Wiki mbili baadaye, mguu ukiwa kwenye plasta, alikaa kwenye kopo la rangi dukani kwa Appalal. Sangram alikuwa ameileta pikipiki kwa gari la miwa. Mzee alilivua lile tairi, akalifungua kwa mikono miwili, akatazama ndani. Halafu akaenda kukaa.

"Njoo utazame."

Ndani palikuwa na kiraka kidogo kilichokatwa umbo la jani la tambuu. Mtaa mzima unajua ni fundi gani anayekata viraka vyake namna hiyo.

"Miaka sita," Appalal alisema. "Mlinzi wa benki, mtu wa Nipani. Mpole kama wewe. Lilipasuliwa na msumari, nikalitia kiraka, nikamwambia aende nalo nyumbani tu, asiende nalo mlimani. Akaenda. Pikipiki ililetwa hapa, na aliyekuja kuichukua ni ndugu yake. Nikamwambia, tairi hili lichome."

"Alianguka wapi?"

"Si unapajua."

Dhondiram alitazama chini. Mzee akamshika kidole, akakipitisha kwenye ukingo uliolika. "Sikia. Barabara hailambi hivi. Barabara inalamba kwa kuzunguka. Hii mikwaruzo inakwenda kombo. Hii ni tupa. Alikaa mtu nyuma ya nyumba na tupa, akasugua pindo lake mpaka likaisha."

Hapo Dhondiram alimwona yule mlinzi kana kwamba amekaa naye kopo moja: mtu mzima, jioni, anageuza gurudumu kidogo kidogo na kusugua, huku akisikiliza kama kuna mtu anakuja. Dhondiram alikuwa amenunua ushujaa wa mtu asiyekuwa nao.

Appalal alimwekea msumeno mapajani. "Kata. Leo hii."

Hili ndilo Dhondiram hupenda kuliruka akisimulia, lakini mimi siliruki. Aliushika msumeno. Aliuweka juu ya mpira. Kisha mguu ukamwuma, kweli uliuma, na chini ya maumivu pakapita wazo dogo, dogo kama kunguni, kwamba kitu kile kilikuwa bado na thamani yake.

"Kesho, mzee," alisema. "Leo sina nguvu."

Appalal alikohoa. Alikuwa mgonjwa wa kifua wiki ile, na waya za tairi si mchezo. Akalisukuma nyuma ya mlango kwa mguu.

Kesho yake halikuwepo. Waliulizwa wauza chai, waokota vyuma, mafundi wa jirani. Hakuna aliyeona mtu akibeba tairi katika mtaa ambao kila mtu anabeba tairi.

Basi ndiyo hiyo sababu ya ukucha. Mtaani anabonyeza siku za kazi, na Jumapili anapanda basi la kwanza kwenda Amboli, anakaa kwenye kibanda cha chai na fimbo yake, anapita nyuma ya kila pikipiki kabla haijashuka. Sangram mwenyewe siku hizi anampokelea fimbo. Habari za pindo hazisemwi tena pale. Ukileta mzaha huo unanyimwa chai.

Miaka miwili amebonyeza, na kila mara ukucha uliingia.

Jumapili iliyopita ukungu ulikuwa mzito tena. Walikuwa wamekaa wanapuliza vikombe, mara pikipiki moja ikatokea upande wa mjini, ngeni, ya mtu mmoja. Haikusimama. Ilipita mbele ya kibanda polepole, taa nyekundu ya nyuma ikawaka kwenye matuta, na kwa mwanga ule Dhondiram aliliona tairi: pana kuliko ringi yake, limevimba katikati kama andazi, kingo zimelika mpaka mwisho.

"Wewe! Simama! Ndugu yangu, simama!"

Ukungu ulikwishammeza. Ukabaki mlio tu, ukishuka, ukipungua kwenye kila kona na kupanda tena mbele yake. Kibanda kizima kilinyamaza. Hata mpishi aliinua sufuria motoni ili dengu zisichemke.

Kwanza. Pili. Tatu. Sangram alikuwa akihesabu kwa midomo bila sauti. Nne. Tano. Sita.

Mlio ulipungua.

Walitega masikio. Kulikuwa na kitu kinachovuma kule chini, na huenda kilikuwa injini, na huenda yalikuwa maporomoko. Sangram alikimbilia pikipiki yake, akawa anahangaika na ufunguo. Dhondiram hakumngoja. Aliweka kikombe, akachukua fimbo, akaanza kushuka barabara kwa miguu, mguu mmoja ukikunjika na mwingine ukikataa.