Mkono wa Shati la Papa

Harufu ya lengalenga nyekundu, mchicha wa kwetu, ikitokota hadi leo hunirudisha katika jiko letu la Muhumba, mjini Bukavu, miaka ile ya vita. Kwetu, aliyepungukiwa na damu alinyweshwa maji ya majani hayo, kwa imani kwamba chekundu huzaa chekundu. Msiicheke imani hiyo, wasomaji wangu. Papa, baba yetu, mwalimu wa biolojia, hakuishiriki, lakini hakuthubutu kumnyang'anya Maman sufuria yake.

Mdogo wangu Neema alikuwa kitandani, malaria ikimla. Papa aliketi kando yake akamfundisha kana kwamba wako darasani: utegili ni maji yachukuayo chakula mwilini, chembe nyekundu hubeba hewa, chembe sahani huziba jeraha, chembe nyeupe ni askari walinzi.

“Askari?” Neema akauliza kwa sauti nyembamba. “Nabo banaiba kuku, Papa?”

“Hapana, maman yangu,” Papa akambembeleza binti yake. “Aba ba mu damu habaibe.”

Tulicheka mpaka Maman akaingia na kikombe. “Munacheka nini? Kunywa, mutoto, damu irudie.”

Damu haikurudi. Viganja vya Neema vilipopauka kama unga wa muhogo, tulimbeba hadi hospitalini. Damu ya Papa ilipimwa, ikaafikiana na yake. Papa akakunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko, akangoja. Muuguzi alirudi mikono mitupu.

“Papa, damu iko. Poshi, ule mufuko wa kuitilia, ndiyo haiko. Barabara imefungwa, hakuna kinachoingia.”

“Hata mu chupa?”

“Bila dawa ya mu poshi itaganda, Papa mwalimu. Unajua.”

Alijua. Chembe sahani zile zile alizomsifia Neema hazitofautishi jeraha na chupa; popote damu imwagikapo, hukimbilia kuziba. Basi wakakaa baba na mwana, kitanda kimoja, mmoja ana damu ya kutosha wawili, mwingine akiishiwa pumzi. Jua halijatua, Neema akafariki.

Tulipanda kilima kurudi nyumbani mvua ikinyesha, na mkono mmoja wa shati la Papa ulikuwa bado umekunjwa. Hata siku ya maziko alilivaa vivyo hivyo. Nilidhani, kitoto, kwamba amesahau kuukunjua. Nimekuwa mzazi ndipo nikaelewa: mkono ule ulikuwa bado unangoja kuitwa.